Simu ya Posa na Kadi ya Dhahabu

Mama yangu hajui kukata simu. Kitufe anakijua, kile chekundu, kipo palepale tangu nimnunulie hiyo simu yake ndogo ya kitochi. Shida ni kwamba anaamini mtu aliyekupa shikamoo huwezi kumfungia mlango usoni. Kwao Busi, kule Kondoa, ukikutana na mtu njiani unamsalimia, unamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, za wagonjwa, ndipo mnaachana, na hata mkishaachana mnaendelea kuitikiana kwa migongo mpaka mmoja apotelee bondeni. Simu nayo ameifanya hivyohivyo. Anaishika mbele ya uso kama kioo, anaiweka spika, anapaza sauti kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya korongo, na haachi mpaka yule wa upande wa pili achoke mwenyewe.

Mimi nilirithi kwa marehemu baba, ambaye hasira zake zilikuwa mlangoni muda wote, zimeshavaa viatu. Ofisini kwetu Mtumba wanajua: ukiwa na shida na mimi, njoo baada ya chai. Namba nisiyoijua naipokea kwa sababu ya kazi tu, na mtu akianza kuzunguka mbuyu namkata.

Ndiyo maana yule binti wa uanachama aliponipigia mara ya kwanza, hatukuelewana.

"Habari ya mchana, dada yangu mpendwa! Hongera sana!"

"Hongera ya nini?"

"Umechaguliwa, dada!"

Nilikuwa nimechaguliwa kuwa mwanachama wa Dhahabu katika klabu ya hoteli moja nje kidogo ya mji. Ningeogelea, ningefanya mazoezi kwenye mashine, ningekandwa mgongo, ningepunguziwa bei ya vyumba vya kulala, na siku yangu ya kuzaliwa ningekunywa chai ya bure. Nikamwambia mimi nina kitanda changu hapahapa Nkuhungu, kulala hotelini mji ninaoishi nimefukuzwa na nani? Na kuhusu kuogelea, mtaa mzima tuko kwenye mgao wa maji, naoga kwa kopo, mtu ananiuzia bwawa!

"Ndiyo maana unahitaji kupumzika, dada. Na nafasi zimebaki mbili tu Dodoma nzima."

Nafasi hizo mbili zilibaki mbili kuanzia mvua za kwanza mpaka watu wakavuna alizeti. Nikiibloki namba yake, anakuja na nyingine. Nikimwambia niko kwenye kikao, ananiuliza kikao kinaisha saa ngapi. Siku moja akaniuliza, "Dada, unaipenda familia yako?" Nikamjibu kwani hilo linamhusu nini. "Kwa hiyo hutaki wapumzike?" Jamani! Nilimwambia maneno ambayo mpaka wenzangu wa meza ya jirani waliacha kuchapa. Yeye akanitakia mchana mwema.

Ningeendelea kumbloki mpaka namba za nchi hii ziishe, lakini Jumapili moja niliacha simu kwenye chaji, nikaenda dukani kununua unga. Kurudi, namkuta mama ameishika simu yangu mbele ya uso, anacheka.

"Huyu mwanangu ni mkali," anasema. "Alizaliwa hivyo. Wewe mama, nipigie kwenye yangu."

Akamtajia namba yake.

Basi, hapo ndipo nyumba yangu ilipopata mgeni wa kila siku. Yule binti alikuwa na mafunzo, hilo sikatai. Alijua kukufanya ujibu ndiyo, halafu ndiyo, halafu ndiyo, mpaka ya mwisho ikutoke kwa mazoea. Lakini mama hakufundishwa kujibu maswali. Yeye alifundishwa kusalimiana.

"Mama, ungependa afya yako iwe nzuri?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Mgongo tu. Na wewe, kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Sasa mama, ukiwa mwanachama wa Dhahabu..."

"Mama yako yupo?"

"Yupo, mama. Yuko Mpwapwa."

"Anaumwaumwa?"

"Miguu, mama."

"Pole yake. Mwambie akande na maji ya chumvi. Umekula lakini?"

"Bado, mama."

"Hee! Saa nane hii! Nenda ukale, mwanangu, utanipigia baadaye."

Na kweli baadaye alipiga. Nilichoogopa mimi si mazungumzo, ni Inshallah. Mama kumwambia mtu hapana usoni hawezi, anaona kama kumpiga kofi. Anasema Inshallah, na kila mtu wa kwetu anajua Inshallah ya namna ile maana yake usinisumbue tena. Binti wa Mpwapwa hakujua, au alijua akajifanya hajui. "Inshallah leo au kesho, mama?" Mama anajibu, "Mungu ndiye ajuaye." Halafu siku moja nikiwa jikoni nikasikia, "Kwa hiyo mama, mazungumzo haya yanarekodiwa, niandike kwamba umekubali?" na mama anavuta pumzi kusema Inshallah yake. Niliruka na mwiko mkononi, ugali ukibaki motoni, nikaikata ile simu.

Mama alinitazama kana kwamba nimechinja kuku wa jirani.

"Alikuwa anaongea," akasema.

Ndipo nikaamua kumfundisha.

Tulikaa barazani alasiri, mimi nikashika mwiko kama simu, nikajifanya ndiye binti wa uanachama. "Habari za mchana, mama yangu mpendwa!" Mama akajibu, "Nzuri, mwanangu, hujambo?" Nikapiga mwiko chini. "Mama! Umeshashindwa! Usimjibu salamu!" Akasema kutojibu salamu ni dhambi. Nikamwambia ajibu kimoyomoyo, Mungu atasikia, binti asisikie. Hilo likamwingia. Tukarudia. Nikamtungia maneno mafupi, akayashika kama alivyokuwa akishika sura za Kurani utotoni, kwa kuyumba mbele na nyuma: Sihitaji. Sitaki. Hapa hakuna mtu wa kuwasikiliza. Msinipigie tena, matapeli wakubwa!

Mwanzoni aliyasema kama anaomba chumvi. Baadaye sauti ikapanda. Mtu mpole akishakubali kuwa mkorofi, basi tena, hana breki, maana hajawahi kuzihitaji. Akaanza kuongeza ya kwake. "Tafuteni wajinga wenzenu!" Nikasema hapo sawasawa, mama. "Hamna haya, watu wazima!" Nikampigia makofi. Jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kama tuko salama.

Sasa lazima niseme juu ya mdogo wangu wa kike, maana yote haya yalimwangukia yeye.

Mdogo wangu anafundisha sekondari kule Bahi. Ni mtu wa utani, anaweza kumchekesha hata mwenye jino bovu, lakini ilikuwa imefika mahali kwenye sherehe za ukoo shangazi zetu wanamwangalia na kutikisa kichwa, na yeye anakimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe. Wachumba wawili walishakuja wakayeyuka. Huyu wa tatu alikuwa bwana mifugo kutoka Kongwa, alikuja Bahi kuchanja ng'ombe, mvua ikamfungia barabara, akakaa. Mdogo wangu akinitajia jina lake sauti inashuka yenyewe. Mimi ndoa yangu niliimaliza vibaya, si mtu wa kuamini mambo haya, lakini hapo niliamini. Nilimtakia mdogo wangu mtu huyu kuliko nilivyowahi kujitakia kitu mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu: baba mkubwa wa yule bwana. Ndiye aliyemlea, ndiye angekuwa mshenga, na alishasema waziwazi kwamba Kongwa ina wasichana wa kutosha, kuhangaika mpaka Kondoa ni kwa nini. Alikubali kuposa kwa shingo upande. Sisi tulijua atakwenda Busi kwa baba yetu mdogo, kama inavyotakiwa, na tukawa tunasubiri habari kutoka huko.

Jumamosi hiyo mimi na mama tulikuwa sebuleni tunachambua mchele wa Bahi aliotuletea mdogo wangu. Kitochi kikalia. Namba ngeni. Mama akanitazama, mimi nikamkonyeza. Akaiweka spika.

"Asalamu alaikum," ikasema sauti ya mwanaume, nzito, ya taratibu.

Nikawaza, loo, leo wamemleta bosi wao. Mama akaifumba midomo, nikamwona anaitika kimoyomoyo.

"Mama, nakupigia kwa jambo la heri. Tumeulizia sana, tumeambiwa nyumba yako ni ya watu wema, watu wa kujiheshimu. Katika nyumba zote, tumekuchagua wewe."

Tumekuchagua! Nilikaribia kucheka. Nikamwashiria mama, haya, twende.

"Sihitaji!" akasema mama.

"Mama, nipe dakika mbili tu nijieleze..."

"Sitaki! Hapa hakuna mtu wa kuwasikiliza! Tafuteni wajinga wenzenu! Hamna haya, watu wazima! Msinipigie tena, matapeli wakubwa!"

Na akakata. Mama yangu, kwa kidole chake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikata simu. "Nimeruka neno?" akaniuliza. Nikamwambia hakuruka hata moja. Nikaenda kumnunulia soda.

Jioni mdogo wangu akapiga. Sauti yake ilikuwa juu, ya mtu anayejizuia asirukeruke.

"Mama amepokea simu ya mshenga?"

Nikamgeukia mama, chupa ya soda ingali mbele yake.

Tulikuja kuunganisha baadaye. Mshenga hakwenda Busi kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya, akatuma mtu, na baba mdogo akajibu kwa mtu huyohuyo kwamba mzee apange siku ya kuja na mama yetu, yuko Dodoma, namba yake hii. Halafu baba mdogo, mtu makini, akapanda kilima, maana kule kwetu mtandao unapatikana juu tu karibu na lile jiwe, ili amtaarifu mama ajiandae. Akapiga, namba inatumika. Akakaa juu ya jiwe, akapiga tena, inatumika. Ilikuwa kabla ya yale mafunzo ya barazani, mama alikuwa bado anamweleza binti wa Mpwapwa jinsi ya kukanda miguu. Jua likawa kali, baba mdogo akateremka zake.

Na mshenga wa kwetu huku hataji jina wala haja yake mwanzoni. Anatanguliza sifa, anazunguka, anakaribia taratibu kama mtu anayetaka kumshika kuku bila kumshtua. Ndiyo adabu yenyewe. Mzee wa watu alifuata adabu yote, akaitwa tapeli.

Majibu yake yalitufikia kupitia kwa bwana mifugo, aliyempa mdogo wangu, naye akanipa mimi kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mzee alisema: "Mimi niliwaambia. Nyumba ile haina adabu, na mama ndiye shule ya kwanza. Mimi miguu yangu nimeitoa." Bila yeye hakuna posa. Kijana hawezi kubishana na mzee aliyemlea, na kwenda kujiposea mwenyewe kama anayenunua mbuzi nani angempokea?

Kitumbua kikaingia mchanga, tena kiganja kizima. Mdogo wangu alikuja Ijumaa, akakaa uani akafua nguo zote za nyumba, zikiwemo safi. Alimwambia mama, "Si kosa lako, mama." Mimi hakuniambia kitu. Aliomba sabuni tu. Niliumia jamani, nasema wazi, niliumia mpaka nikashindwa kula.

Nikasema basi, nampigia huyo mzee sasa hivi, namwomba radhi, yameisha. Baba mdogo aliposikia alipanda tena kilima chake kwa ajili ya kunikemea tu.

"Thubutu!" akasema, upepo unavuma kwenye simu. "Upande wa binti haupigi simu! Tukipiga sisi, tumemtembeza mtoto kama kuku wa mnadani. Watasema tumekwama naye. Huyo ataishi kwenye nyumba ile akisimangwa mpaka uzee wake. Hapigi mtu wa damu yetu, umenisikia?"

Nilimsikia. Na ubaya wake alikuwa na haki. Siku zikapita, mpaka mama, aliyekuwa anakaanga vitunguu bila kugeuka, akasema:

"Apige yule binti."

"Binti gani?"

"Wa uanachama. Yeye si damu yetu. Na kukatiwa simu hakumuumi."

Nilibisha, nikabisha tena, mwisho nikakubali. Tatizo lilikuwa kumpata, kwa sababu namba zake zote nilikuwa nimezibloki kwa mikono yangu hii. Nikazifungua, nikapiga. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza kuwapigia wale watu kwa hiari. Niliwekewa muziki. Nikaambiwa simu yangu ni muhimu kwao. Nilisikiliza muziki ule mpaka nikaujua, huku mama amesimama pembeni na mwiko, na hatimaye ikaja ile sauti.

"Dada yangu mpendwa! Nilijua utarudi!"

Nikamweleza yote, pamoja na yale mafunzo ya barazani, maana hapakuwa na namna ya kuyaruka. Nikajua sasa atanicheka, na ana haki ya kunicheka.

"Kumbe ndiyo maana mama aliacha kupokea simu zangu wiki ile," akasema. "Mimi nilidhani nimemkosea." Halafu akasema, polepole, si kwa sauti yake ya kazini, "Dada, napiga simu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Watu wananitukana mpaka marehemu wangu. Mama ndiye pekee anayeniuliza kama nimekula. Nipe namba ya huyo mteja."

"Si mteja, ni mshenga."

"Pingamizi lake ni nini?"

"Tulimwita tapeli."

"Hilo dogo," akasema. "Mimi wananiita hivyo kabla ya chai."

Basi akaanza kazi, na kila jioni akawa anatuletea taarifa. Siku ya kwanza mzee alikata aliposikia neno Dodoma. Siku iliyofuata alimwacha amalize salamu, ndipo akakata. Kisha akamwita tapeli. "Hayo ni maendeleo, mama," binti akasema kwenye spika. "Mtu akikutukana, maana yake amesikiliza." Mama akamuuliza kama amekula. Alikuwa amekula. Mdogo wangu kule Bahi nilikuwa simwambii kitu. Niliogopa kumpa tumaini halafu limfie mikononi.

Halafu likatokea ambalo hakuna aliyelifikiria. Sauti ya binti wa uanachama ni tamu, mimi mwenyewe nakiri, na simu ya mzee wa Kongwa ilikuwa inalia kila siku saa ileile, na mzee kila ikilia anatoka nje kwenda kuikata. Mkewe akaanza kuhesabu mwenyewe moja na moja. Siku hiyo akamnyang'anya.

"Wewe malaya," akasema mke wa mzee, "unamtakia nini mume wangu?"

"Shikamoo mama!" akajibu binti. "Afadhali nimekupata wewe! Hivi mama, unaipenda familia yako?"

Kilichoendelea hapo sikukijua mpaka siku ya posa. Taarifa ya binti jioni hiyo ilikuwa fupi mno, alisema mambo yanakwenda vizuri na kwamba ametimiza malengo yake ya mwezi. Nilishangaa hilo la malengo linaingiaje, lakini sikuuliza. Asubuhi yake kitochi kikalia. Mama akaitika salamu kwa sauti safari hii, mpaka bati likaitikia.

"Mama," ikasema ile sauti nzito, "tunakuja Jumapili. Nakuja na mke wangu, ajionee kwa macho yake kwamba ni mambo ya posa. Ila nakuomba, yule binti aache kunipigia."

Jumapili baba mdogo alikuwa ameshateremka kutoka Busi, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mdogo wangu tulimficha chumbani kama inavyotakiwa. Mzee wa Kongwa alikuwa mwembamba, mrefu, hacheki. Mkewe mnene, mkoba wake ameupakata kwa mikono miwili. Tukanywa maji, tukala tambi, hakuna aliyegusa habari yenyewe. Kisha mzee akajisafisha koo.

"Kabla ya yote, kuna faini."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Kwenye posa anayekosea hutozwa faini, na kwa kawaida hutozwa wao, kwa kuchelewa, kwa kukanyaga mkeka na viatu. Safari hii ilikuwa zamu yetu.

"Kwanza," mzee akasema, "mama ayarudie yale maneno mbele ya watu, tujue kama nilisikia vizuri."

Mama akanitazama mimi. Jicho lile sitalisahau. Kisha akafumba macho, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akayasema yote, kuanzia sihitaji mpaka hamna haya. Akaishia hapo.

"Umeruka matapeli," akasema mzee.

"Matapeli wakubwa," akamalizia mama kwa sauti ya kuomba chumvi.

Nikaona mdomo wa mzee unatetemeka upande mmoja. Baba mdogo alikuwa amejifunika uso kwa kanzu. Ilibidi mke wa mzee acheke kwanza ndipo wengine wapate ruhusa, na aliyecheka zaidi ni mzee mwenyewe, alikohoa mpaka akaletewa maji mengine.

"La pili," akasema akijifuta macho, na mkewe akafungua mkoba. Akatoa kadi, akaiweka mezani katikati ya vikombe. Ilikuwa inang'aa. Uanachama wa Dhahabu.

"Nilitaka kumtukana tu," mke wa mzee akasema. Alikuwa kama mtu anayesimulia ajali. "Nilimtukana vizuri. Sijui ilikuwaje. Aliniambia nafasi imebaki moja."

Bwawa liko Dodoma, wao wako Kongwa. Kuogelea mama yule hajui na hataki kujua, na makato yanaendelea kila mwezi. Faini yetu, akasema mzee, ni kwamba uanachama ule uhamie kwa yule aliyemfundisha mama maneno. Watu wote wakanigeukia mimi.

Niliyemkataa yule binti tangu mvua za kwanza! Niliyezibloki namba zake zote! Hasira zikanijia mlangoni, zimeshavaa viatu. Nikataka kusema kwamba mimi naoga kwa kopo. Pazia la chumbani likatikisika kidogo, nikauona mkono wa mdogo wangu umelikamata.

Nikachukua simu, nikapiga, nikaiweka spika.

"Dada yangu mpendwa," akasema binti, na nikajua alikuwa anasubiri. Alinisomea masharti, marefu kweli, mzee akiitikia kila kifungu kwa kichwa kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa. "Mazungumzo haya yanarekodiwa. Je, unakubali kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu yeyote?"

Nikawatazama. Mzee, mkewe, baba mdogo, mama.

"Nakubali," nikasema.

"Sasa na mwenyewe aulizwe," akasema mzee, akaegemea kiti. "Dada mtu akamuulize."

Nikaingia chumbani. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kanga kichwani, macho mekundu, na alikuwa hajaniangalia sawasawa tangu ile Ijumaa ya kufua. Kwetu binti akiulizwa hujiinamia, hunyamaza, analia kidogo, na kimya chake ndicho jibu. Shangazi zetu wote walinyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na ndoa yangu ndiyo ile.

"Wamekuja kukuposa," nikaanza, "je..."

"Ndiyo!" akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa simu itakatika. "Ndiyo, nimekubali, waambie nimekubali!" Akanikumbatia, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja shingoni mwangu.

Kule sebuleni hakuna aliyekuwa amekata simu. Ikatoka ile sauti tamu kutoka mezani, katikati ya vikombe:

"Hongera sana, dada! Umefanya uamuzi sahihi!"

Nilipochungulia, mzee wa Kongwa alikuwa ameshika kichwa. Mama aliichukua simu yangu, akaishika mbele ya uso kama kioo, akamuuliza mwanawe wa Mpwapwa kama amekula.